Kambakochi wa Ijumaa

Mkatoliki anayefanya kazi Posta, Dar es Salaam, hasumbuki kupata kitoweo kisicho nyama Ijumaa za Kwaresima. Soko la Feri liko hapo hapo Kivukoni. Sheria ya Kanisa inamtaka kila aliyetimiza miaka 14 aache nyama siku hiyo, na samaki hawamo katika katazo. Anaweza basi kununua kambakochi, akamuunga kwa nazi, akala akashiba, asiwe amevunja kanuni yoyote. Je, amefunga?

Kisheria hata hakudaiwa. Kuacha nyama ni jambo moja na kufunga ni jingine. Mfungo wa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mlo mmoja kamili, na unawahusu walio na miaka 18 hadi 59. Siku 40 zenyewe ukizifuata kwenye kalenda ni 46, kwa kuwa Jumapili hazifungwi. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo. Mama lishe wa Kariakoo huiona Ramadhani kwenye sufuria zake. Kwaresima sidhani kama huwa anaiona.

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 tayari uliitaja Kwaresima. Wakatekumeni walikuwa wakijiandaa kubatizwa usiku wa Mkesha wa Pasaka, na waliotenda dhambi nzito hadharani wakisubiri kupatanishwa na Kanisa. Waumini wengine, ambao hawakuwa na deni lolote la wazi, walifunga pamoja nao. Kusanyiko zima lilikuwa likiwasindikiza wachache. Hilo ndilo tumelipoteza, tukabaki na "mimi mwaka huu naacha soda".

Papa Leo Mkuu, aliyeongoza Kanisa kati ya 440 na 461, alihubiri Kwaresima baada ya Kwaresima kwamba mtu anachojinyima kiende kwa maskini. Hapo ndipo kambakochi anapokwama. Kanuni inampitisha, ila ukitoa bei yake hakibaki cha kumpa mtu.

Walutheri wa Azania Front, kanisa lililojengwa enzi za Wajerumani kama lilivyojengwa la Mtakatifu Yosefu jirani yake, hawana sheria ya nyama wala samaki. Luther hakukataa kufunga; alikataa kudhani kwamba neema hupatikana kwa kufunga. Uzito wao uko kwenye ibada za Kwaresima na tafakari ya mateso ya Yesu. Zambarau ya madhabahuni ni ile ile.

Toba nayo si ya mtu mmoja mmoja tu. Ujumbe wa Kwaresima wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania wa mwaka 2018 uligusa kubanwa kwa siasa na vyombo vya habari, na wapo walioona maaskofu wametoka nje ya mada. Hawakutoka. Manabii wanaosomwa kipindi hiki, Isaya akiwa mbele, huuliza kuhusu mfungaji anayewakandamiza wafanyakazi wake.

Ila kusindikizana huko kuna ugumu wake Kivukoni. Huko mtaani, jumuiya ndogo ndogo husali nyumba kwa nyumba, na watu wanajua nani anaumwa na nani amefukuzwa na mwenye nyumba. Anayesali misa ya mchana mjini hulala Mbagala au ng'ambo Kigamboni. Aliyekaa naye benchi moja hamjui jina. Kwa muumini huyo ningeshauri hesabu ifanyike kazini. Kabla ya Ijumaa Kuu kuna Ijumaa sita. Ale kwa mama lishe badala ya mgahawani, chenji aiweke kando, na ikifika Alhamisi Kuu ampe mtu anayemfahamu kwa jina: mfagizi wa ofisini, mlinzi wa getini, au mbeba mizigo wa Feri ambaye kila siku wanapishana bila salamu. Jina aanze kuliuliza Ijumaa ya kwanza.