Unasafiri lini? Swali linalokosekana dirisha la dawa

Kibahasha cha dawa hakina nafasi kubwa. Mtoa dawa anaandika jina la mgonjwa, pengine na jina la dawa, kisha 1×3 au 2×2, halafu anarudia kwa mdomo: kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Mgonjwa anapokea, anakunja, anafunga kwenye pindo la khanga au anatia mfuko wa shati, anaondoka. Kwa anayerudi nyumbani mtaa wa pili hayo yanatosha. Lakini Mwanhuzi ni mji wa watu wanaosafiri, na hakuna mahali kwenye kibahasha panapoandikwa safari.

Nani hasafiri hapa? Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu, katika Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012. Mgonjwa akizidiwa anapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa kule Nyaumata, Bariadi, na ikishindikana huko anapanda tena gari hadi Bugando, Mwanza. Mfugaji anafuata malisho. Msimu wa pamba una safari zake, minada ina safari zake, na misiba haina msimu. Tena ndugu zetu wengi walishahama na mifugo miaka mingi iliyopita, wakaenda Usangu, Rukwa, Katavi na bonde la Kilombero. Mzee wa Meatu mwenye presha anaweza kwenda kumwona mwanawe Katavi akakaa miezi miwili, mahali ambapo hakuna mhudumu hata mmoja anayelijua faili lake.

Kwa hiyo naona safari ni sehemu ya matibabu, na inapaswa kuulizwa dirishani kama inavyoulizwa mimba au mzio: unasafiri lini, unakwenda wapi, utakaa siku ngapi? Swali hili halihitaji bajeti wala mashine. Linahitaji sekunde chache za mtu aliyeshika dawa mkononi, na jibu lake linaweza kubadilisha kiasi cha dawa kinachotolewa, aina ya dawa, na namna ya kuifunga.

Tuanze na jina. Mgonjwa anafika hospitali ya ugenini, daktari anamwuliza, “Mama, unatumia dawa gani?” Anajibu, “Ile nyeupe, ya presha.” Dawa nyeupe za presha ziko nyingi. Amlodipini, losatani, atenololi na haidroklorothiazaidi hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa, na mgonjwa aliyekuwa akitumia atenololi hafai kuachishwa ghafla, kwa sababu moyo unaweza kuanza kwenda mbio na presha ikapanda kuliko mwanzo. Vidonge vikishatolewa kwenye karatasi yake ya kampuni na kumiminwa kwenye kibahasha kisicho na jina, hata daktari bingwa hawezi kuvitambua kwa kuvitazama. Atalazimika kukisia, au kuanza upya.

Dawa ya safarini basi isafiri kwenye karatasi yake, iwe bado inasomeka jina, uzito wa miligramu na tarehe ya kuisha. Kama imekatwa, mwombe mtoa dawa aandike jina halisi la dawa, si la kampuni tu, kwa sababu jina la kampuni linalojulikana Mwanza huenda halipo kabisa Mpanda. Piga picha ya boksi na ya cheti cha daktari kwa simu, na nakala ya pili abaki nayo mtu wa nyumbani. Ukiwa na kadi ya kliniki ya presha na sukari, inakwenda nawe. Na kama unatumia mizizi au unga kutoka kwa mganga, sema hivyo pia ukiulizwa. Daktari asiyejua hawezi kukulinda na mgongano wa dawa mbili.

Usitegemee kununua njiani. Maduka ya dawa muhimu yamesaidia sana vijijini, lakini orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza ina mipaka. Unaweza kupata ya maumivu na ya malaria ukakosa kabisa ya kwako. Chukua dawa za siku zote za safari na uongeze za wiki moja. Meatu hatuhitaji kuelezwa kwa nini: mvua ikinyesha, mito inajaa na magari yanalala njiani. Kabla Daraja la Sibiti halijakamilika, masika yalikuwa yakiifunga njia ya kwenda Singida. Daraja sasa lipo, ila barabara nyingi za vumbi kuelekea vijijini bado zinaamuliwa na mawingu.

Dawa ikae kwenye begi la kupakata, kamwe isiwekwe kwenye buti. Vidonge vingi vimeandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30, na buti la basi lililosimama juani saa saba mchana hupita hapo kwa mbali. Dashibodi ya gari dogo ni mbaya zaidi. Halafu kuna lile linalotokea kila siku stendi: abiria anashuka Maswa, mzigo unaendelea Shinyanga. Nguo zinaweza kusubiri. Insulini na dawa ya kifafa haziwezi.

Kuna jambo jingine la mabasi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wagonjwa wengi wa presha na moyo hupewa dawa ya kukojosha, na siku ya safari huiacha kwa makusudi, kwa sababu basi halisimami ovyo kuchimba dawa, na mama mtu mzima anaona aibu kumwomba kondakta mara tatu. Namwelewa kabisa. Lakini mgonjwa wa moyo akiacha dawa hiyo siku ya kwenda, akaiacha na siku ya kurudi, anaweza kufika miguu imevimba na pumzi ikimkata. Jibu lipo dirishani: mara nyingi saa ya kumeza inaweza kusogezwa ili mkojo mwingi utoke kabla au baada ya safari. Mtaalamu atakwambia kama yako inaruhusu, mradi ajue unasafiri.

Aibu hiyohiyo ya choo ndiyo inayowaumiza watoto wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa inabeba sehemu kubwa. Mzazi anamnyima mtoto maji toka alfajiri ili asisumbue njiani. Kwa mtoto wa selimundu ukavu wa mwili ni chanzo kimojawapo cha maumivu makali ya mifupa, yale yanayomlaza wodini. Anayepelekwa Bugando kliniki ya kawaida anafika akiwa mgonjwa wa dharura. Mpe maji kidogo kidogo njia nzima, ubebe mkononi dawa yake ya haidroksiyurea na ile ya maumivu, na umweleze kondakta mapema, kabla gari halijaondoka.

Kuhusu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, shida ya safari ni kelele. Vidonge thelathini au tisini ndani ya kopo la plastiki hulia kila basi likiruka bonde, na abiria wa jirani anaijua sauti ile. Kwa hiyo watu huvihamishia kwenye mfuko wa nailoni au kwenye chupa ya dawa nyingine. Hofu hiyo ni ya kweli, na sitamlaumu mtu kwa kuilinda siri yake. Ila kile kipakiti kidogo kinachokaa ndani ya kopo kimewekwa ili kufyonza unyevu. Dawa ikitolewa humo na kulala kwenye nailoni lenye joto inaweza kuharibika bila kubadilika rangi. Njia iliyo salama zaidi ni kuliacha kopo kama lilivyo na kushindilia pamba safi na kavu juu ya vidonge hadi visicheze. Pamba Simiyu hatununui mbali. Karatasi ya nje inaweza kufunikwa na karatasi nyingine, lakini isibanduliwe.

Siku hizi mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja, na hili limewafaa wafugaji kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini lazima aliseme mapema, wala asisubiri hadi ng'ombe wameshatangulia. Kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, iende naye, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha mhudumu wa kituo kingine anatumia nini na tangu lini. Mgonjwa wa kifua kikuu naye, ambaye kwa kawaida hutumia dawa nne kwa miezi miwili na mbili kwa miezi minne inayofuata, asiondoke kimyakimya. Akihama aage kituo chake, apewe karatasi ya uhamisho, aendelee alikofikia. Kukatisha katikati ndiko kunakozaa kifua kikuu sugu.

Sasa insulini, ambayo ndiyo inayowatia watu woga zaidi. Chupa isiyofunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na familia nyingi za Meatu hazina friji. Nimesikia mara kwa mara hoja kwamba mwenye kisukari cha sindano basi asisafiri, au aiache sindano nyumbani “isiharibike” na kuanza tena akirudi. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kuiacha siku chache tu kunaweza kumwua. Ni bora mara nyingi kubeba insulini iliyopata joto kidogo kuliko kutokuwa nayo.

Ushahidi wa hilo umetoka Afrika Mashariki hii hii. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto halisi ndani ya nyumba za wagonjwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzijoto 25 na 37. Waliiga hali hiyo maabara kwa wiki nne na kukuta insulini bado ina nguvu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na yamewapa moyo wagonjwa waliokuwa wakilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano kwa sababu tu hawana friji. Utafiti huo hauruhusu kuianika insulini juani. Unasema kwamba ndani ya nyuzijoto hizo, kwa wiki hizo, haigeuki maji.

Kinachoiua haraka zaidi ni barafu. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka ikaonekana safi, na msafiri mwenye nia njema huizika ndani ya barafu ya samaki akidhani anaitunza. Tumia chupa ya chai yenye mdomo mpana: imiminie maji ya baridi yakae dakika chache, yamwage, kisha weka kichupa cha insulini kilichofungwa kitambaa. Ukifika ulikokwenda, chungu kinatosha. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga unalowekwa asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, kiwe kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Hewa kavu ya Meatu wakati wa kiangazi inafaa sana kwa kazi hiyo. Ukienda Dar es Salaam au Zanzibar, penye unyevu, chungu hichohicho kitapoza kidogo tu, hivyo huko tafuta friji. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, uzirudishe kituo cha afya. Usiziache mfukoni mwa kiti cha basi, ambako mtoto wa mtu ataingiza mkono.

Kwa mtoto mwenye dawa ya antibiotiki ya maji, mwombe mtoa dawa unga ambao haujachanganywa, au vidonge vya kuyeyusha. Amoksilini ikishachanganywa na maji huanza kuhesabu siku zake, na joto linazipunguza. Maji safi ya kuchanganyia utayapata utakakolala.

Wanaovuka mpaka wana mzigo wa ziada, na hapa sheria haina huruma. Zipo dawa tiba zenye asili ya kulevya, ambazo daktari anaandika kihalali na askari wa mpakani anaweza kuzikamata kihalali pia: tramadoli, diazepamu, kodini, mofini. Hata fenobabitoni, kidonge cha kifafa kinachotolewa zahanati zetu, imo kwenye orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Desemba 2017 mahakama ya Misri ilimhukumu mtalii mmoja Mwingereza miaka mitatu jela kwa kuingia Hurghada na vidonge 290 vya tramadoli. Vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba wajue kwamba nchi kama Umoja wa Falme za Kiarabu hutaka kibali cha dawa hizo kabla ya safari. Beba kiasi cha safari yako tu, ndani ya boksi lake, na cheti chenye jina lilelile lililo kwenye pasipoti. Na usikubali kubeba kidonge cha mtu mwingine, awe nani.

Pamoja na hayo, hofu ya sheria isimnyime mgonjwa wa kifafa dawa yake, kwa kuwa akiacha ghafla anaweza kupata degedege mfululizo. Wala isimnyime mgonjwa wa saratani mofini ya maji, anayerudi Mwanhuzi kutoka Mwanza akalale nyumbani kwake bila maumivu. Ndugu anayemsindikiza aombe barua ya hospitali yenye jina la mgonjwa, kipimo na kiasi kilichotolewa. Barua ikae begi moja na chupa. Chupa ifungwe wima, ikae mbali na watoto, na ikitokea dawa imebaki bila mtumiaji, irudishwe hospitali iliyoitoa.