Maneno Yetu Mbele ya Wajukuu

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki hii tujiulize: neno lililoandikwa jana lipimwe kwa mizani ya nani, ya jana au ya leo?

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza Januari 1969 jijini Dar es Salaam. Sketi fupi za mini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vilipigwa marufuku kwa madai kwamba ni uchafuzi wa utamaduni wetu. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wanawake walizomewa na kushambuliwa na makundi ya vijana huko Kariakoo.

Magazeti yalimiminiwa barua. Wapo walioshangilia, wakisema mini ni masalia ya ukoloni. Wapo waliopinga, wakiuliza: mbona koti na tai havikatazwi, navyo vililetwa na nani?

Msomaji anayezifunua kurasa hizo leo atashawishika kuwacheka walioshangilia. Lakini asifanye haraka. Nchi ilikuwa na miaka 7 tu tangu ipate uhuru, na Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza miaka 2. Hofu ya kumezwa na mambo ya wageni ilikuwa hofu ya kweli. Tena, kuhusu krimu hawakukosea. Leo krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku, kwa kuwa zebaki hudhuru figo. Wao walizikataa kwa ajili ya utamaduni, sisi tunazikataa kwa ajili ya afya.

Basi je, tuwasamehe wote kwa kusema zama zile zilikuwa hivyo? Hapana. Utetezi huo una mpaka wake. Katika kurasa zilezile, wiki zilezile, walikuwepo watu, wakiwemo wanawake, waliosema wazi kwamba wanaonewa. Aliyeshangilia hawezi kudai kuwa hakuna aliyemwambia. Aliambiwa, akapuuza.

Hiyo ndiyo mizani ya haki. Asiyejua kwa sababu hakuna aliyejua, tumwelewe. Aliyeambiwa akaziba masikio, lawama ni yake.

Nasi zamu yetu inakuja. Hatujui wajukuu wetu watashangazwa na lipi katika haya tunayoyaandika leo, iwe kwa kalamu au kwa simu. Hatuna uwezo wa kubashiri. Lakini jambo moja tunaliweza: kabla ya kuandika, tumsikilize yule ambaye neno letu litamchoma, maana mara nyingi amekwisha kulalamika. Tukimsikiliza, hata tukikosea, wajukuu watasema tulijitahidi.

Karatasi haisahau.