Insha Moja, Alama Mbalimbali

Mtoto amerudi toka shule na daftari la insha. Juu pameandikwa kwa wino mwekundu: 22 kwa 50. Baba analitazama, anakunja uso, anasema, "Huyu hana kichwa, heri achunge ng'ombe." Kama ni binti, maneno huwa mabaya zaidi. Lakini je, baba, hiyo 22 imetoka wapi?

Wazazi wa Morotonga, pale Mugumu, wanajua kuchagua dume mnadani. Hawasemi tu "zuri" au "baya." Hutazama meno wajue umri, hutazama miguu, nundu na ngozi, ndipo hutaja bei. Basi na mwalimu afanye vivyo hivyo. Kabla ya kuwapa watoto kazi, aandike vigezo vyake ubaoni: kisa chenyewe alama 20, mpango 10, sarufi 10, tahajia na mwandiko 10. Tena aeleze kazi nzuri ikoje, ya katikati ikoje, na dhaifu ikoje.

Pasipo vigezo, hata walimu hodari hupishana. Mwaka 1912 huko Marekani, Starch na Elliott waliwapelekea walimu zaidi ya 100 karatasi moja ya Kiingereza waisahihishe. Kazi ile ile ilipata 64 kwa mmoja na 98 kwa mwingine!

Nasi wa Mara jambo hili latuhusu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtihani wa mwisho usiwe hakimu peke yake, kazi za mwanafunzi za siku zote nazo zihesabiwe. Vema kabisa. Lakini kipimo kisipojulikana, upendeleo hupata mlango.

Kweli, mwalimu mwenye rundo la madaftari hawezi kufanya hivi kila siku. Afanye kwa insha moja kubwa kila muhula. Hiyo yatosha kuanza.

Nawe mzazi, kabla ya kukasirika, nenda umwulize kwa heshima: "Mwalimu, alama zimepotea wapi?" Huenda ukaonyeshwa hivi: kisa 15, mpango 4, sarufi 2, tahajia na mwandiko 1. Kumbe binti anajua kusimulia! Nyumbani anasema Kikurya, na herufi r na l zinamsumbua. Mpe kitabu cha Kiswahili jioni, akusomee kwa sauti wakati ugali unaiva.