Nani Aamuaye Jina la Njia ya Nangara?

Katika ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Mwingereza Steve Coast mwaka 2004, hakuna waziri wala mkurugenzi atoaye idhini kabla ya njia ya Nangara, mjini Babati, kuchorwa. Mtu ye yote aliyejiandikisha, awe Nangara, Chake Chake au Berlin, aweza kuichora, na baada ya muda mfupi mchoro wake huonekana ulimwenguni kote. Wachoraji wengi ni wa kujitolea. Hawalipwi, na kwa hiyo hawaamrishwi.

Lakini kutokuwako kwa mkuu si kutokuwako kwa utaratibu. Kanuni kubwa ni kwamba ramani ifuate kilichopo ardhini: jina ni lile litumiwalo na wakazi, si lile lililolala katika jalada la ofisi. Wawili wakihitilafiana hutakiwa wajadiliane kwanza. Wakishindwa, shauri hupelekwa kwa kikundi maalumu, nacho chaweza kumfungia mharibifu. Alama mpya za ramani hupigiwa kura, na pendekezo lenye kura nane za ndiyo, mradi waliokubali wafike robo tatu ya waliopiga kura, hupita. Kura nane! Mkutano wa nyumba kumi huwa na watu wengi zaidi.

Hapo ndipo penye shida. Madaraja ya barabara katika ramani hiyo yalitokana na yale ya Uingereza, ambako barabara kubwa kukosa lami ni jambo lisilofikirika. Kwetu sisi, barabara ya Babati hadi Dodoma, sehemu ya ile njia ndefu iliyokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo, ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Lami yake ilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Je, kabla ya hapo ilikuwa njia ndogo? Wachoraji wa Afrika walijiandikia mwongozo wao, kwamba barabara ipimwe kwa umuhimu wake. Mwongozo huo ulipatikana kwa sababu walikuwapo watu wa kuuandika.

Watanzania si wageni wa kazi hii. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo waliingia mitaa ya Dar es Salaam ikumbwayo na mafuriko, katika mradi wa Ramani Huria. Kuanzia mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Maporomoko ya Katesh ya Desemba 2023, humu humu mkoani Manyara, yalionyesha jinsi waokoaji wanavyohitaji kujua nyumba zilikuwa wapi.

Hata hivyo, watendaji wetu wamezoea kumwandikia mhusika barua ya malalamiko. Katika kazi hii hakuna mhusika wa kuandikiwa. Asahihishaye ni yule afikaye na kalamu, kama vile katika msaragambo sauti ilivyokuwa ya aliyekuja na jembe.

Tunaishauri Halmashauri ya Mji wa Babati, na masheha wa visiwani, wateue vijana wawili watatu kwa kila kata na shehia, wapewe vifaa na muda. Achoraye siku 42 katika mwaka aweza kuomba uanachama bila ada, na wanachama ndio wanaoichagua bodi ya wajumbe saba. Vijana wa Nangara, kabla ya kuchora njia yo yote, wakawaulize wazee wa mtaa jina lake.