Kabla ya Kusema "Uzembe", Tazama Gunia na Chupa



Dawa ikimdhuru mtu, neno la kwanza linalosikika ni "uzembe". Mtoto kanywa dawa ya pamba, tunasema ni mkaidi. Mzee kala mbegu iliyotiwa dawa, tunasema hakusoma. Leo tulipime neno hilo, maana mara nyingi kosa huanza mapema, pale chombo kilipotengenezwa au kuandikwa vibaya. Mtumiaji huja kulimalizia tu.

Msiba wa Iraki

Hebu tazama yaliyotokea Iraki mwaka 1971. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na serikali ikaagiza zaidi ya tani 90,000 za mbegu, ngano kutoka Meksiko na shayiri kutoka Marekani. Mbegu hizo zilitiwa dawa ya zebaki ili zisiharibiwe na ukungu, kisha zikatiwa rangi iwe alama ya hatari. Zilifika bandari ya Basra kati ya Septemba na Novemba, na nyingi ziliwafikia wakulima wakati wamekwisha kupanda. Basi mkulima akabaki na gunia la ngano nzuri ndani ya nyumba, na njaa iko mlangoni.

Je, gunia lilimwambia nini? Maandishi ya onyo yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza, na yeye ni mtu wa Kiarabu. Picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili haikuwa na maana kwake. Rangi aliiona, akaosha ngano, rangi ikatoka, ngano ikaonekana safi. Angejuaje kwamba rangi ni kitu kimoja na sumu ni kitu kingine, na kwamba rangi huoshwa lakini sumu hubaki? Wengine waliwajaribia kuku kwanza, na baada ya siku chache wakawaona kuku wazima. Kumbe sumu ile huchukua wiki kadhaa kujionyesha. Wakasaga, wakaoka mikate.

Ndipo zikaja dalili: ganzi mikononi na miguuni, kuyumba wakati wa kutembea, macho kufifia, wengine kupofuka kabisa. Hospitali zilipokea wagonjwa 6,530, na 459 kati yao wakafa humo humo.

Mtu huyo tumwite mzembe? Aliosha, alijaribu, alingoja. Tena Iraki ilikuwa imekwisha kupata misiba ya mbegu zenye zebaki mwaka 1956 na mwaka 1960. Mtu mmoja akijikwaa njiani, pengine hakutazama. Kijiji kizima kikijikwaa kwenye jiwe lile lile, jiwe ling'olewe.

Hata rubani hukosea

Usidhani haya huwapata wasiojua kusoma peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, halafu ndege ikiwa chini wanakunja magurudumu badala ya kukunja mabapa ya mabawa. Ndege inalala kwa tumbo. Lawama ikawa juu ya rubani. Mwaka 1943 mtaalamu mmoja, Alphonse Chapanis, akachunguza chumba cha rubani. Akakuta swichi mbili zinazofanana, zimekaa jirani. Akashauri ile ya magurudumu iwekewe kigurudumu kidogo cha mpira, na ile ya mabawa iwekewe umbo la kabari, ili mkono ujue bila kusaidiwa na macho. Dawa ya kosa ilikuwa kipande cha mpira, wala si adhabu.

Nyumbani kwako

Sasa turudi nyumbani. Huko Iraki kosa lilikuwa la wenye kutoa magunia. Hapa mwenye chupa ni wewe. Ukimimina dawa ya wadudu katika chupa ya soda, umeipa maandishi mapya yasemayo "kunywa". Mtoto anayeinywa ameisoma chupa sawasawa.

Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Dawa ikae katika chombo chake, chenye maandishi yake, mahali panapofungwa kwa kufuli. Chombo kikiisha kitobolewe, kisije kikachotewa maji.

2. Mbegu ya dukani yenye rangi ni ya kupanda tu. Usiile hata ukiiosha mara kumi, wala usiwape kuku. Iliyobaki ifunge, iweke mbali na chakula, kisha muulize bwana shamba.

3. Ndoo na kikombe cha kupimia dawa visifanane na vya jikoni. Funga waya kwenye mpini, ili hata gizani mkono ujue.

4. Ukinunua dawa, mwambie muuzaji akusomee maandishi yote. Kama yeye mwenyewe hayaelewi, usinunue. Kanuni za FAO juu ya dawa hizi, zilizopitishwa mwaka 1985, zinataka michoro iwekwe pamoja na maandishi inapowezekana. Vyombo vingi vina mkanda wa rangi: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha manjano, buluu na kijani. Lakini hata yenye kijani si ya kunywa.

5. Mtu akidhurika, mkimbize hospitali, na chombo cha dawa kiende pamoja naye, daktari akione. Ugomvi ungoje. Baadaye ulizeni: chombo kilimwambia nini? Jibu mpelekeeni bwana shamba na chama chenu cha ushirika, ili jirani asidhurike vivyo hivyo.

Uzembe upo, hatukatai. Anayejua hatari akaipuuza, na alaumiwe. Lakini ukimlaumu mtu na chupa ile ile ikarudi pale pale dirishani, hujamkinga mtoto wa pili. Jioni ya leo, kabla hujalala, pita nyumbani mwako utazame kila chupa, kila gunia na kila ndoo. Tazama kama mtu asiyejua lolote. Kinachodanganya macho, kiondoe leo hii.