Kubadilisha pedi za breki za nyuma ukiwa nyumbani

Wiki hii msikilizaji mmoja wa Makambako ametupigia. Gari lake linalia nyuma kila anapokanyaga breki, kama chuma kinasuguana na chuma, akauliza kama anaweza kubadilisha pedi mwenyewe. Anaweza, ikiwa nyuma ni diski na si ngoma. Magari mengi madogo huku kwetu yana diski mbele tu.

Anza na mahali. Njombe ni vilima, na kazi ya breki za nyuma inataka hendibreki iachiwe. Hapo kinacholishika gari ni gia na mawe tu. Tafuta palipo tambarare kabisa, zuia matairi ya mbele kwa mawe makubwa, mbele na nyuma yake. Legeza nati kidogo, ndipo upige jeki. Kisha weka stendi ya chuma. Tofali hupasuka bila kukuaga.

Toa tairi, fungua boliti za kalipa. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki, ifunge kwa waya. Pedi ikibaki milimita 3 au chini ya hapo, imekwisha. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize.

Hapa ndipo wengi huharibu. Pistoni ya mbele husukumwa ndani tu, lakini nyingi za nyuma zimeungwa na hendibreki. Hizo huzungushwa huku zikisukumwa, mara nyingi kufuata mwendo wa saa. Ukilazimisha kwa jiriwa, utaivunja. Kama hendibreki yako ni ya kubonyeza kitufe, mpelekee fundi mwenye kompyuta. Angalia pia kikopo cha mafuta ya breki: pistoni ikirudi ndani mafuta hupanda, na yakimwagika hula rangi.

Badilisha pande zote mbili, hata kama umekwisha mmoja.

Ukimaliza, kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mara yangu ya kwanza nilisahau. Nikarudisha gari nyuma, pedali ikazama hadi chini, nikasimamishwa na ua wa jirani. Ingekuwa kwenye mteremko wa kwenda Makambako, nyuma ya lori la mbao, nisingekuwa hewani leo.

Jaribu kwanza polepole hapo hapo uwanjani. Pedali ikibaki laini, au ukiona mafuta yanavuja, usitoke. Mwite fundi aje nyumbani.