Visasili vya Cthulhu

Visasili vya Cthulhu ni jina la mfululizo wa hadithi za kutisha zilizoandikwa na waandishi mbalimbali kuanzia miaka ya 1920, hasa nchini Marekani, zote zikitumia ulimwengu mmoja wa kubuni. Mwanzilishi wake ni Howard Phillips Lovecraft (20 Agosti 1890 – 15 Machi 1937), mzaliwa wa mji wa Providence katika jimbo la Rhode Island.

Ingawa huitwa visasili, hadithi hizi si mapokeo ya kabila wala ya dini yoyote. Miungu, vitabu na miji inayotajwa ndani yake ilibuniwa na watu wanaojulikana, na mara nyingi hata mwaka wa kubuniwa unajulikana. Mfululizo huu una nafasi katika historia ya fasihi kwa sababu ya jinsi ulivyotungwa: Lovecraft aliwaruhusu wenzake watumie alivyobuni, naye akatumia vya kwao, hata wasomaji wengi wakashindwa kujua nani alianza.

Ulimwengu wa hadithi

Wazo kuu la hadithi hizi ni kwamba binadamu ni kiumbe mdogo mno katika ulimwengu. Muda mrefu kabla yake walikuja duniani viumbe wenye nguvu kutoka nyota za mbali. Baadhi yao bado wapo, wamelala au wamefungiwa. Cthulhu mwenyewe ni kiumbe mkubwa mwenye kichwa kama cha pweza, aliyelala katika mji wa R'lyeh chini ya Bahari ya Pasifiki.

Katika hadithi nyingi za mizimu na mashetani, kiumbe wa kutisha ana kisa na mtu fulani, na huweza kufukuzwa kwa dua, dawa au hirizi. Viumbe wa Lovecraft kwa kawaida hawana kisa na mtu. Hawamchukii binadamu wala hawamjali, kama vile mtu anayetembea asivyowajali sisimizi walio njiani. Mhusika mkuu huwa ni msomi au mtafiti anayeunganisha habari kidogo kidogo, na hofu hutokana na kile anachokigundua. Matukio mengi hutokea katika mji wa kubuni wa Arkham, jimboni Massachusetts, penye Chuo Kikuu cha Miskatonic, ambacho pia ni cha kubuni.

Hadithi nyingi za awali zilichapishwa katika jarida la Weird Tales, lililoanzishwa mwaka 1923 mjini Chicago. Hadithi iliyoupa mfululizo jina lake, The Call of Cthulhu (yaani "Mwito wa Cthulhu"), iliandikwa mwaka 1926. Mhariri Farnsworth Wright aliikataa kwanza, kisha akaichapisha Februari 1928.

Ushirikiano kwa njia ya barua

Waandishi wa kundi hili waliishi mbalimbali: Clark Ashton Smith alikuwa Auburn, California; Robert E. Howard alikuwa Cross Plains, Texas. August Derleth alikuwa Sauk City, Wisconsin. Frank Belknap Long alikuwa New York. Lovecraft hakuwahi kukutana ana kwa ana na Smith, Howard wala Derleth. Kazi yao ya pamoja ilifanyika kwa barua, na Lovecraft aliandika makumi ya maelfu ya barua katika maisha yake. Walitumiana miswada kabla haijachapishwa, wakasahihishana na kupeana majina.

Mfano mzuri ni mungu Tsathoggua. Smith alimbuni katika hadithi aliyoiandika mwaka 1929. Lovecraft alipousoma mswada alimpenda kiumbe huyo, akamtaja katika hadithi yake The Whisperer in Darkness, iliyotoka Agosti 1931. Hadithi ya Smith ilichapishwa Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo wasomaji walimfahamu Tsathoggua kupitia Lovecraft kabla ya kusoma kazi ya mbunifu mwenyewe. Katika hadithi hiyohiyo Lovecraft alimtania rafiki yake kwa kumtaja kuhani wa kale aitwaye Klarkash-Ton, jina linalotokana na matamshi ya "Clark Ashton".

Mfano mwingine ni Robert Bloch wa Milwaukee, ambaye baadaye alijulikana kwa riwaya yake Psycho (1959). Alianza kuandikiana na Lovecraft mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 16 hivi. Bloch alitaka kuandika hadithi ambamo mhusika anayefanana na Lovecraft anauawa, akaomba idhini. Lovecraft alimjibu kwa hati ya mzaha inayomruhusu kumuua kwa namna yoyote apendayo. Hadithi hiyo, The Shambler from the Stars, ilitoka Septemba 1935. Lovecraft akalipa kisasi cha kirafiki kwa hadithi The Haunter of the Dark, iliyochapishwa Desemba 1936, ambamo kijana aitwaye Robert Blake anakufa. Mwaka 1950, miaka 13 baada ya kifo cha Lovecraft, Bloch aliandika hadithi ya tatu ya kuendeleza hizo mbili.

Mwaka 1935 waandishi watano, yaani C. L. Moore, A. Merritt, Lovecraft, Howard na Long, walitunga kwa zamu hadithi moja iitwayo The Challenge from Beyond, kila mmoja akianzia pale mwenzake alipoachia. Njia hiyo haikuwa ya kawaida kwao. Kwa desturi kila mwandishi alikuwa na hadithi yake na mtindo wake, na walichoshirikiana kilikuwa majina, viumbe na vitabu. Hivyo hakuna aliyelazimika kufuata njama ya mwenzake.

Vitabu vya kubuni

Kitabu maarufu zaidi cha ulimwengu huu ni Necronomicon, ambacho hakikuwahi kuwepo. Lovecraft alidai kwamba kiliandikwa Damasko mnamo mwaka 730 na Abdul Alhazred, mshairi mwendawazimu kutoka Sanaa, Yemen. Jina hilo lilianza kama mchezo wa utotoni, baada ya Lovecraft kusoma Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili pia wanazifahamu. Msomaji anayejua Kiarabu ataona kasoro mara moja: "Abdul" tayari ina "al" mwishoni, kisha "Alhazred" inaanza na "al" nyingine.

Wenzake waliongeza vitabu vyao katika maktaba hiyo. Smith alibuni Kitabu cha Eibon, na Howard akabuni kitabu cha mwanazuoni wa Kijerumani aitwaye Von Junzt. Bloch naye alibuni kitabu ambacho Lovecraft alikipa jina la Kilatini, De Vermis Mysteriis.

Zaidi ya hayo, Lovecraft alijipatia riziki kwa kurekebisha au kuandika upya hadithi za watu wengine, kama Zealia Bishop na Hazel Heald, na kazi hizo zilitoka kwa majina yao. Humo nako aliingiza majina yaleyale. Msomaji aliyekuta kitabu kimoja kikitajwa na waandishi ambao hawakuonekana kuhusiana alikuwa na sababu ya kudhani kuwa kipo kweli. Wapo waliomwandikia Lovecraft kumuuliza, naye aliwajibu wazi kwamba amekibuni mwenyewe.

Baada ya kifo cha Lovecraft

Howard alifariki mwaka 1936 na Lovecraft mwaka 1937. Lovecraft alikuwa amemteua kijana R. H. Barlow kuwa msimamizi wa kazi zake za fasihi, lakini waliozieneza zaidi ni Derleth na Donald Wandrei, walioanzisha kampuni ya uchapishaji ya Arkham House mwaka 1939. Bila juhudi zao huenda hadithi nyingi zingesahaulika katika magazeti ya zamani.

Hata hivyo, Derleth alikosolewa kwa mambo matatu. Kwanza, aliugeuza ulimwengu huu kuwa uwanja wa vita kati ya miungu wema na waovu, jambo lisilolingana na wazo la Lovecraft. Pili, alichapisha kama kazi za pamoja hadithi alizoandika mwenyewe kutokana na vipande vifupi vya Lovecraft. Katika riwaya The Lurker at the Threshold (1945) sehemu ya Lovecraft ni ndogo sana. Tatu, alidai kwamba haki za kazi za Lovecraft zilikuwa mikononi mwa Arkham House, dai lililotiliwa shaka na watafiti wa baadaye.

Pamoja na hayo, Derleth aliwalea waandishi wapya. Mmoja wao ni Ramsey Campbell wa Liverpool, Uingereza. Derleth alimshauri aache kuiga Massachusetts asiyoijua na kuandika juu ya nchi yake. Kitabu cha kwanza cha Campbell kilitolewa na Arkham House mwaka 1964, mwandishi akiwa na umri wa miaka 18.

Ubaguzi wa rangi na majibu ya waandishi

Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi, na jambo hilo linaonekana wazi katika barua zake na katika baadhi ya hadithi. The Horror at Red Hook (1927) inawaonyesha wahamiaji wa Brooklyn kama chanzo cha uovu. Mwaka 2011 mwandishi Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda Tuzo ya World Fantasy, ambayo wakati huo ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Aliandika waziwazi juu ya uzito wa kupokea heshima yenye sura ya mtu aliyewadharau Waafrika. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba sanamu hiyo haitatumika tena.

Wengine wamejibu kwa kuandika ndani ya ulimwengu uleule. Victor LaValle, katika The Ballad of Black Tom (2016), anasimulia upya kisa cha Red Hook kupitia kijana Mweusi wa New York. Majibu ya aina hii yaliwezekana kwa sababu ulimwengu huo ulikuwa wazi tangu mwanzo: waliotukanwa na mwanzilishi wake nao waliweza kuuingia na kuubadili.

Athari

Katika Umoja wa Ulaya kazi za Lovecraft ziko huru bila hakimiliki tangu mwaka 2008. Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ilitoa mchezo wa mezani Call of Cthulhu, ambao wachezaji hujitwalia nafasi za watafiti na kutunga kisa pamoja.

Mfano wa karibu zaidi wa utunzi wa namna hii ni SCP Foundation, mkusanyo wa hadithi za kutisha unaoandikwa kwenye intaneti na watu wengi wa kujitolea, wenye tovuti yake tangu mwaka 2008. Ruhusa ambayo Lovecraft na wenzake waliombana kwa barua, huko imewekwa katika leseni huria: yeyote anaweza kuitumia na kuiendeleza kazi ya mwenzake, mradi amtaje mtunzi na kuiacha kazi mpya iwe huru kwa wengine kwa masharti yaleyale.